Uji wa Idara

Kila mtu wilayani alimwita Mama Uji, wala hakuchukia. Alikuwa muuguzi wa afya ya jamii, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa moja: watoto wa vijijini wapate kula, wanenepe, wasife. Idara yao ya afya haikuwa na makuu. Ilikuwa nyumba moja ndefu ya bati iliyogawanywa kwa mbao: chumba cha chanjo, chumba cha mizani, ofisi ya Daktari Mkuu, na stoo iliyonuka dawa ya mbu mwaka mzima. Kwa nyuma palikuwa na banda la mashine ya kusaga, na banda hilo ndilo lililomfanya atembee kichwa juu.

Mashine ile aliipigania kufa na kupona. Ilikuwa ya mawe mawili, kuukuu, imetupwa kwenye ghala la shule ya ufundi iliyofungwa. Aliandika maombi, akafuatilia, akasumbua wakubwa hadi wakaitoa ili wapumzike naye. Siku ilipowasili haikuzunguka hata kidogo, jiwe la juu likiwa linacheza kwenye chuma chake kama jino bovu. Akamwita shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa mitambo anayesifika.

"Shemeji, nifanyie haraka, watoto wananisubiri," alimwambia.

Shemeji akaifanyia haraka. Kuanzia hapo idara ikawa inasaga mahindi, soya na karanga, na kila siku ya kliniki akina mama walipanga foleni na vikombe vyao. Watoto walikunywa uji palepale, kisha mama anaondoka na mfuko wa unga wa nyumbani. Bwana Afya, mkaguzi wa vyoo na visima, mrefu na mwembamba kama ufagio, alikuwa akipita katikati ya foleni akipanda kwenye mizani ya watoto.

"Nipime na mimi, labda nimeongezeka."

"Shuka utaivunja!" akina mama walimpigia kelele, na ndani ya chumba cha mizani watu walicheka hadi vichanga vikaamka.

Msimu wa kwanza watoto walinenepa. Baadaye, taratibu, wakaanza kurudi nyuma.

Wa kwanza kumshtua alikuwa mtoto wa mama muuza nyanya, mvulana aliyekuwa na mashavu ya kubana. Mama yake alimbeba akamlaza kwenye benchi.

"Dada, huyu mtoto simwelewi. Choo hapati, tumbo linamkata, hataki kucheza. Ukimgusa analia. Uji wenyewe sasa anaukataa."

Mama Uji akamfunua jicho. Ndani ya kope palikuwa peupe, dalili ya damu kupungua. Akampa dawa ya minyoo na ya kuongeza damu, kisha akakaa naye kwenye mkeka, akamwonyesha mama jinsi ya kumnywesha mtoto mkaidi: umempakata hivi, mkono wake mmoja umeubana kwapani, kijiko unakipitishia pembeni mwa mdomo.

"Usimwonee huruma. Huruma ndiyo inayomkondesha. Tena muongezee kikombe kimoja jioni."

"Ahsante, dada. Sijui bila wewe tungefanyaje."

Wiki chache baadaye mtoto yule akapatwa na degedege akiwa mgongoni mwa mama yake, njiani kuja kliniki. Alipofika mlangoni alikuwa ameshakata roho. Mama hakujua, alidhani degedege imepita na mtoto amelala. Alisimama kwenye foleni kama wengine, na aliyegundua ni mwanamke wa nyuma yake.

Walisema ni malaria iliyopanda kichwani, wakazika. Lakini wakaja wengine. Degedege, tumbo, miguu isiyo na nguvu. Vipimo vya malaria vikatoka safi, kimoja baada ya kingine. Daktari Mkuu, mwanamke mtu mzima aliyekaribia kustaafu na asiyependa maneno mengi, alivipanga vile vipimo mezani akavitazama kwa muda.

"Hii siyo malaria," alisema. "Wala siyo minyoo. Tupeleke damu maabara kuu."

Maabara wakakubali, ila wakaomba pia damu ya mtoto mzima, wa sehemu nyingine ya wilaya, asiyekunywa maji ya vijiji vile, ili wapate cha kulinganisha.

"Chukueni ya Kasuku," Mama Uji alisema bila kufikiri mara mbili.

Kasuku alikuwa binti yake wa miaka mitatu. Walimpa jina hilo kwa sababu alianza kuongea mapema na hakunyamaza tena. Siku ile alitoa mkono, akadungwa sindano, akatazama tu. Hakulia wala hakuuliza kitu. Bwana Afya alimsifu kwa ujasiri.

"Siku hizi ametulia," Mama Uji alisema. "Baba yake anasema amekua."

Majibu yalikuja kwa simu, asubuhi. Daktari Mkuu aliweka simu mezani, akafungua sauti ili Mama Uji na Bwana Afya wasikie.

"Daktari, hawa watoto wana risasi," alisema mtaalamu wa maabara.

"Risasi?" Bwana Afya aliruka kwenye kiti. "Kawapiga nani?"

"Siyo ya bunduki, ndugu yangu. Madini. Risasi hii ya kwenye betri za magari. Imo kwenye damu yao, tena nyingi kiasi cha kutisha. Inapanda kwenye ubongo. Hayo madegedege ndiyo hiyo."

Mama Uji alijishika kidevu. Akilini alikuwa ameshaanza kuzunguka vijijini: nani ana gereji, nani anachoma takataka, visima vipo wapi.

"Halafu kuna jambo moja sijalielewa," mtaalamu aliendelea. "Mlisema mmeleta na mtoto mzima. Vibandiko havikuchanganyika kweli? Maana huyo mzima ndiye anayeongoza."

Bwana Afya alimgeukia Mama Uji.

"Haloo? Mnanisikia?"

"Yupi?" Daktari Mkuu aliuliza, ingawa alijua.

"Wa kike, miaka mitatu. Mwenye kibandiko cha kijani."

Kibandiko cha kijani alikibandika Mama Uji mwenyewe, kwa vidole vyake, akakiandika kwa mwandiko wake. Alisikia masikio yakimziba. Aliona mdomo wa Daktari Mkuu ukienda juu na chini, na sauti haitoki. Alipozinduka alikuwa amesimama, ameushika ukuta wa mbao, na Bwana Afya amemshika yeye.

"Twende kwako," Bwana Afya alimwambia. "Sasa hivi. Twende kama tunavyokwenda kwa mtu yeyote."

Nyumba yao ilikuwa ya watumishi, umbali mdogo kutoka idarani, saruji tupu, maji ya bomba, vyombo vya bati la kawaida. Mume wake, mwalimu wa sekondari, alikuwa likizo. Walimkuta barazani anasahihisha mitihani. Kasuku alikuwa amekaa miguuni pake, anatazama sisimizi.

"Mbona mapema? Kuna nini?"

Mama Uji hakumjibu. Alimnyanyua mtoto, akamgeuza huku na huku kama anamwona mara ya kwanza. Mashavu yalikuwepo. Lakini rangi ya midomo? Na tangu lini hajamsikia akibishana? Alikuwa amepima watoto wa watu kila wiki, na huyu wa kwake alimpita asubuhi na jioni kama samani.

Bwana Afya alikagua rangi ya kuta, akanusa maji, akachungulia uvunguni. Kisha akaingia jikoni.

"Huku wanakunywa maji ya bomba, kule ya visima. Huku saruji, kule udongo," alisema polepole, kama mtu anayejisemea. "Kitu gani mnachangia na watu wa kule? Mtoto anakula nini?"

"Chakula chetu. Wali, maharage, mboga. Na..."

Macho ya Mama Uji yalikuwa yameshaangukia ndoo yenye mfuniko kwenye kona.

"Na uji," alimalizia mume wake kutoka mlangoni. "Asubuhi, mchana na jioni. Mama yake ndiye Mama Uji, mtoto atakunywa nini tena?"

Bwana Afya akafunua ndoo. Unga ulikuwa mweusi kidogo zaidi kuliko ule wa kliniki.

"Huu mbona hivi?"

"Ni wa kufagia," Mama Uji alisema. "Sikutaka mtu aseme nakula unga wa watoto. Mimi nachukua ule unaobaki umeganda kwenye mawe. Nakwangua jioni, nikishafunga banda."

Bwana Afya akaurudisha mfuniko, akaukandamiza kwa viganja viwili.

"Leo ameshakunywa?" Mama Uji aliuliza.

"Amekunywa," mume wake alisema. "Vikombe viwili. Kwani kuna nini, jamani? Niambieni!"

Walimwita shemeji, akaja bandani na sanduku lake la spana, mchangamfu, akidhani mashine imegoma. Aliwasalimu wote, akamtania Bwana Afya kwamba upepo wa leo utampeperusha.

"Fungua mawe," Daktari Mkuu alimwambia.

Alifungua, akalegeza nati, akaliinua jiwe la juu kwa nyenzo, akaliegemeza ukutani. Katikati ya jiwe, pale chuma kinapopita, palikuwa na pete pana ya kijivu inayong'aa. Haikuwa imeishia pale. Nyufa zote za jiwe zilikuwa zimezibwa kwa kitu hichohicho, mishipa ya kijivu ikikimbia hadi ukingoni, na katika sehemu ya kusagia ilikuwa imelika, imekuwa nyembamba, imebaki kama ukucha.

"Hii ni nini?"

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo," shemeji alisema kwa fahari. "Jiwe lilikuwa limepasuka na ekseli inacheza. Saruji isingeshika. Nikayeyusha risasi ya betri za lori, nikaimimina mote. Ile hata uipige nyundo haitoki. Ila naona imelika sana, itabidi niongeze nyingine."

Bwana Afya aliokota msumari chini, akaukwaruza kwenye ile pete. Ukazama kama kwenye sabuni.

"Imelika ikaenda wapi, bwana?" aliuliza.

Shemeji alicheka kidogo, akitafuta utani ulipo. Hakuuona. Akamtazama Daktari Mkuu, kisha Mama Uji, kisha gunia la unga lililokuwa limesimama chini ya mdomo wa mashine. Kicheko kikamfia usoni.

"Shemeji," alisema. "Shemeji, ulisema haraka. Mimi sikujua. Kwani ina sumu? Sisi tunaishika kila siku kwa mikono!" Aliitazama mikono yake. "Yule mtoto wa muuza nyanya..."

Akakaa palepale kwenye vumbi la unga, kisha akaruka kama aliyekalia moto, akawa anajipangusa suruali, anajipangusa na kujipangusa, mpaka Bwana Afya akamshika mikono.

Mama Uji hakulia. Alikuwa anahesabu vikombe kichwani, ikamshinda. Vikombe vya foleni, mifuko ya nyumbani, vile vya jioni alivyowaamuru waongeze kwa watoto waliokuwa wanakonda. Kadiri sumu ilivyowakondesha, ndivyo alivyowaongezea sumu.

Daktari Mkuu alipiga simu makao makuu. Alizungumza kwa muda mrefu ofisini, mlango umefungwa, na alipotoka uso wake ulikuwa umesinyaa.

"Wanataka tusubiri. Wanasema taarifa itatoka juu, kwa utaratibu, watu wasije wakapaniki."

"Kesho ni siku ya kliniki," Mama Uji alisema.

"Najua."

"Watakuja na vikombe, Daktari. Tuwape nini? Na usiku huu huko majumbani wanakoroga uji."

Daktari Mkuu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni, akaivaa.

"Bwana Afya, washa gari la chanjo. Lile lenye kipaza sauti. Pita kila kijiji kabla jua halijazama, sema unga wa idara usipikwe, urudishwe. Usiseme umeharibika, watu watauanika juani waupike. Sema una sumu. Wakiniuliza makao makuu, nitawajibu mimi."

Siku iliyofuata akina mama walikuja. Hawakupanga foleni. Walijaa uani, na akina baba nao walikuja, jambo ambalo kliniki haikuwahi kuliona. Mifuko ya unga ilitupwa rundo mbele ya mlango. Daktari Mkuu alieleza sumu ni nini, imeingiaje, na kwamba kila mtoto aliyekunywa atapimwa, na watakaozidiwa watapelekwa hospitali kubwa kupewa dawa ya kuitoa. Walimsikiliza. Lakini macho yao hayakuwa kwake.

Mama Uji alisogea mbele. Alikuwa amepanga maneno usiku kucha, na yote akayasahau.

"Mashine niliileta mimi," alisema. "Fundi nilimwita mimi. Uji niliwapa mimi."

Watu walikuwa wamepigwa na bumbuwazi kiasi kwamba hasira ilikuwa bado haijapata pa kuanzia.

Ndipo mama muuza nyanya akatoka katikati ya watu. Hakuwa na mtoto mgongoni, na khanga aliyokuwa akimbebea alikuwa ameishika mkononi. Alizungumza bila kupaza sauti.

"Alikuwa anakataa, dada. Unakumbuka? Anageuza uso. Anabana meno. Mwili wake ulijua." Akapumua. "Ukanifundisha kumbana. Ukasema nisimwonee huruma. Nikambana, dada. Analia ananitazama, mimi nakitia kijiko. Mpaka siku ya mwisho nilimbana."

Alinyoosha mikono yote miwili mbele ya Mama Uji, khanga ikining'inia.

"Mimi sasa nifanye nini na mikono hii?" mama muuza nyanya aliuliza. Aliuliza kweli, kama mgonjwa anayeuliza dawa. Akasubiri jibu. Lilipokosekana, akageuka akaondoka, na watu wakampisha njia.

Kilichofuata kilikuwa kazi. Mashine ilibomolewa, mawe yakazikwa kwenye shimo la zege. Bwana Afya alipangusa vumbi lote la unga kwa kitambaa kibichi, nyumba kwa nyumba, mgongo umempinda. Shemeji aliacha ufundi akawa anamfuata nyuma na ndoo. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemfukuza. Nyumba nyingine walifungiwa mlango. Nyumba moja walimwagiwa maji machafu. Mama Uji alienda kila mahali walipoenda, na popote alipopita hakuna aliyemwita kwa jina lake la zamani. Walisema "wewe" au hawakusema kitu.

Kasuku alilazwa hospitali kubwa, wodi moja na watoto wa vijijini, kitanda kwa kitanda. Akina mama wale walimwona Mama Uji akilala sakafuni kama wao, akiosha mashuka kama wao. Mwanzoni walifurahi kwa uchungu kumwona pale, mmoja akasema wazi, "Afadhali na wewe umeonja." Mama Uji akamjibu, "Kweli." Baada ya siku kadhaa mwanamke yuleyule alimsogezea sabuni.

Watoto wengi walipona, kwa kiasi ambacho mtu hupona ugonjwa ule. Wawili zaidi walikufa. Kuna aliyebaki haoni vizuri, kuna aliyerudi nyumbani asijue tena jina la dada yake. Kasuku alirudi akitembea na kula, lakini maneno yalimjia polepole, moja moja, na kila mara alikunja uso kama anayenyanyua mzigo. Baba yake alimsubiri amalize. Alikuwa hasahihishi mitihani barazani tena. Alikaa tu na kumsubiri.

Makao makuu walituma tume. Daktari Mkuu alipewa onyo la maandishi kwa kutangaza bila kibali, akalikunja akaliweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. Mama Uji aliomba kuacha kazi.

"Hapana," Daktari Mkuu alimwambia. "Ukiondoka nitaletewa msichana asiyejua nini kilitokea hapa. Atawaambia akina mama wasiwe na wasiwasi. Wewe hutawaambia hivyo kamwe."

Kliniki ilikaa tupu muda mrefu. Akina mama walirudi mmojammoja, kwa ajili ya chanjo tu, wakitazama kwanza sindano, chupa, pamba, wakiuliza kila kitu kimetoka wapi. Mama Uji alijifunza kujibu. Pale alipokuwa hajui alisema hajui, akaenda kuuliza, akarudi.

Mwaka ulipogeuka, mama muuza nyanya alikuja na kichanga. Alimpitisha chumba cha chanjo, akasimama kidogo kwenye mlango wa chumba cha mizani. Kisha akaingia, akamlaza mtoto kwenye mizani bila salamu. Mama Uji alisoma uzito, akautaja. Ulikuwa mzuri. Alimfunika mtoto, akamrudishia mama yake.

Kwenye rafu palikuwa na mikebe mipya ya maziwa ya unga, msaada uliofika juzi, ya watoto ambao mama zao hawana ya kutosha. Mama muuza nyanya aliitazama.

"Na hayo mmeyapima?"

"Bado," Mama Uji alisema. "Tumepeleka mkebe mmoja maabara. Majibu hayajaja. Usimpe."

"Wala sikukusudia kumpa," mwanamke alisema.

Alimfunga mtoto mgongoni. Halafu, badala ya kuondoka, akavuta benchi, akakaa karibu na dirisha, akamuuliza majibu yanatarajiwa lini.